Mluzi wa Kuachia Kamba

Mimi nina kiburi cha masikio. Najisema mwenyewe kabla sijasemwa. Kuna wanaoringia nywele, kuna wanaoringia watoto waliofaulu mitihani, mimi nilikuwa naringia masikio yangu haya mawili, na kwa miaka tisa hakutokea mtu wa kunishusha. Nisimamishe mahali popote mjini asubuhi, nifumbe macho, nitakwambia nani yuko juu ya mti gani. Yule anayebembeleza kwa sauti nzito, akirudia jambo lilelile mpaka unatamani kumrushia kiatu, ni tetere. Anayeropoka mfululizo kwenye waya wa umeme kama jirani aliyepata umbea mpya ni shore. Mwewe ana kilio chembamba kinachotetemeka, na akikitoa tu, kunguru wa mtaa mzima wanaanza kumtukana. Chozi ni mdogo kuliko kidole gumba lakini ugomvi wake ni wa mtu mzima. Kwarara simsemi, yule hata kiziwi anamjua.

Masikio haya ndiyo yaliyonipa kazi, yakanipa mume, na ndiyo yaliyomuua. Ngojeni niwaeleze, maana nimechoka kusikia kisa hiki kikielezwa vibaya, na walioanza kukieleza vibaya walinisikia mimi.

Tulikuwa watatu katika kazi ya kukata miti ya mjini, ile inayoegemea paa za watu na kuvuruga nyaya. Nyapara alitafuta kazi na kupasua magogo chini kwa msumeno wa mashine. Mume wangu alipanda. Wenzake walimbandika jina la Ngedere, akalipenda mno, akawa anajitambulisha nalo hata misibani. Mimi nilianza kama mfagia majani. Kisha Nyapara akagundua kwamba nikikaa chini ya mti muda wa kunywa kikombe cha chai naweza kumwambia kuna makinda au hakuna, na ni wa nani, na wako upande gani. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwetu, kwa sababu waliotupa kazi walikuwa na sharti moja: tawi lenye makinda haliguswi mpaka makinda waruke. Kupanda kutafuta viota ni kupoteza asubuhi nzima. Mimi nilisikiliza, nikaonyesha kwa kidole, kazi ikaanza.

Ngedere alikuwa hasikii kitu. Nikimuuliza, "Huyo nani?" anajibu, "Kunguru." Awe chozi, awe tetere, awe mlango wa jirani unaolia bawaba, kwake ni kunguru. Alijua inanichoma roho, ndiyo maana hakuacha. Siku aliyoniomba nimuoe, maana yeye aliiweka hivyo, nimuoe mimi, shore alikuwa anapayuka juu yetu, akasema hata kunguru huyu ameshakubali. Nilicheka nikashindwa kukataa.

Tukishaoana nikawa mshika kamba wake. Kamba ndefu inatoka kiunoni mwake, inapita kwenye panda ya tawi juu, inashuka mpaka kwangu. Mimi naizungusha kwenye shina mara mbili na kuikaza. Akiteleza, namshika. Lakini akitaka kuhama panda ni lazima niiachie, aivute, airushe juu zaidi, na kwa muda huo anajifunga kwenye tawi kwa mshipi mfupi wenye ndoana. Kwa hiyo roho yake ilining'inia kwenye jambo moja: mimi nijue kwa hakika kwamba mshipi umefungwa. Kuona, huoni, majani yamemfunika. Maneno nayo hayafai, msumeno wa Nyapara unayameza. Tukakubaliana miluzi. Mmoja mrefu, kaza. Mitatu mifupi, kila mmoja juu kidogo ya uliotangulia: nimejifunga, achia.

Mluzi alifundishwa na mama yake. Mama mkwe wangu alikuwa opereta wa simu enzi za kuunganisha watu kwa nyaya, na wasichana wa mitamboni, kumbe, walikuwa wanapigiana miluzi kuitana msimamizi asipowaona. Alistaafu, akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili yakawa ukungu. Tuliishi naye katika vyumba vyetu viwili. Watu walishangaa kwamba mimi na yeye hatugombani. Tungegombana vipi? Jioni tulikaa mlangoni tukisikiliza mtaa, mimi nikimtajia ndege, yeye akinitajia watu: huyo ana mafua, huyo ametoka kulia, huyo anamdanganya mkewe.

Sasa mkuyu. Ulikuwa katika uwanja wa ofisi moja, mkubwa, majani yamefungamana, na uwanja ule mzima umezungukwa na ua wa michongoma. Nyapara alisema ni kazi ya siku sita. Siku ya kwanza nilisikiliza nikawataja wote: mnana walikuwa wameshamaliza kulea, tetere wawili hawana kiota, na kwenye michongoma kuna kurumbiza. Kurumbiza ni ndege mwenye kifua cha rangi ya chungwa na mstari mweupe juu ya jicho, mwenye haya, haonekani ovyo. Anapenda kuiga. Atamwiga shore, atamwiga mwewe, atamwiga mtu anayemwita mbwa wake. Haya yote nilimweleza mume wangu kwa kinywa changu, siku hiyohiyo, tukila chakula cha mchana. Akaniambia ni kunguru aliyesoma.

Siku tatu mfululizo yule ndege alikaa kwenye michongoma akisikia Ngedere anapiga miluzi mitatu, kutwa mara ishirini, mara thelathini. Sikuliwaza hilo hata kidogo.

Siku ya nne tuliamka tumenuniana. Jambo lenyewe ni aibu kulitaja. Nilikuwa nimefua nguo yangu ya kazi, nikamwomba aianue kabla ya mvua, akasahau, mvua ikanyesha juu yake usiku kucha. Asubuhi nikaivaa mbichi hivyohivyo ili aone anavyonitesa. Nilikuwa na nyingine kavu. Lakini mimi nikinuna, nanuna kikamilifu. Njia nzima sikumjibu. Akanionyesha tetere na kuniuliza kama huyo ni kunguru wa aina gani, nikageuza uso. Alipopanda sikumwambia ile salamu yetu ya kila siku, shuka salama.

Yapata saa nne alikuwa juu sana. Nyapara anapasua magogo upande wa pili wa uwanja. Nikasikia miluzi: mmoja, wa pili, wa tatu, ikipanda vizuri kabisa. Na mwishoni, kitu kidogo, kama mkia, sauti ikishuka kwa madaha. Ngedere hakuwa na tabia hiyo. Nikasema moyoni, haya, huyo anajipendekeza. Anaomba msamaha kwa mluzi, mwanaume yule. Nikaona hasira yote inanitoka. Nikaachia kamba.

Sitaeleza alivyoanguka. Alikuwa ameiegemea kamba kwa uzito wake wote, hajafunga mshipi. Ndoana ilikuwa bado mkononi mwake, na hata tulipofika hospitali hawakuweza kuivua vidoleni bila kumwumiza, ingawa walikuwa wameshatuambia kwamba haumii tena.

Msibani kila mtu alitaka kujua ilikuwaje. Nikasema ninachokijua. Alipiga mluzi, nikaachia, kumbe hajafunga. Nyapara akaandika hivyohivyo kwenye karatasi za ofisi, nikaweka sahihi. Kufikia siku ya tatu kisa kilikuwa kimeshakomaa: Ngedere alikuwa na papara, Ngedere alipiga mluzi kabla ya wakati, Ngedere alizoea miti mpaka akaidharau. Watu hawakuwa na ubaya. Walinionea huruma, wakataka kuniondolea mzigo, na mzigo ni lazima autwishwe mtu, basi wakamtwisha ambaye hawezi kujibu.

Mama mkwe hakulia. Alikaa kwenye mkeka siku zote zile akisikiliza watu wanavyomsema mwanawe. Wageni walipokwisha akaniita niketi karibu.

"Mwanangu, niambie wewe," akasema. "Wengine wote hawakuwepo. Alipiga mluzi?"

"Alipiga, mama."

"Ulimsikia mwenyewe?"

Nikamwapia. Nikasema, kwa masikio yangu haya, mama, unayajua. Akatikisa kichwa pole pole. Kuanzia siku hiyo akawa mtu mwingine. Alikuwa anajiuliza kwa sauti, peke yake, kitandani: papara ameitoa wapi? Mimi nilimlea taratibu. Nilimfundisha kufunga kamba za viatu mwaka mzima, hakuwa mtu wa haraka, papara ameitoa wapi? Chakula akawa anakionja na kukisukuma. Nilikuwa namwangalia anakonda kwa swali lile.

Wiki ya tatu Nyapara akaniletea salamu kwamba viatu vya Ngedere vya akiba na bakuli lake viko kwa mlinzi wa ile ofisi, nikavichukue. Sikutaka, nikaenda. Mkuyu ulikuwa umesimama nusu, hakuna aliyekubali kuumaliza. Mlinzi alinipa pole, akaingia kibandani kutafuta bakuli. Mimi nimesimama na viatu mkononi.

Miluzi mitatu ikatoka kwenye michongoma. Mmoja, wa pili, wa tatu. Na mkia.

Ninachokumbuka ni kwamba mikono ilifunguka yenyewe. Viatu vikaanguka. Nikakaa chini kwenye changarawe kama mtoto. Ndege akarudia. Nikamwona, kifua chake cha chungwa, mstari wake mweupe, anajipigia zake mluzi wa mume wangu bila wasiwasi wowote. Mlinzi alitoka akanikuta hapo, akaniambia huyo ndege ana vituko, tangu mwezi uliopita anapiga hivyo kila asubuhi, mwanzo yeye mwenyewe alidhani ni mafundi.

Mlinzi wa geti alidhani ni mafundi. Sawa, ana haki. Mimi je? Mimi ninayetambua makinda wa mnana nyuma ya ukuta? Kama kuna mtu mmoja katika mji huu aliyepaswa kujua, alikuwa ameshika kamba.

Nikakaa na jambo hilo siku nne. Nisiwadanganye, sikuwa natafuta namna ya kulisema, nilikuwa natafuta namna ya kulimeza. Mume nimempoteza. Mama yangu mzazi alifariki sijaota meno ya pili. Yule bibi asiyeona ndiye mtu pekee duniani anayeniita mwanangu. Nikimwambia, namrudishia mwanawe akiwa msafi, hana papara, hana kosa, na mimi nabaki bila mtu. Nikinyamaza, ninaye, lakini atakufa akijiuliza alimlea vibaya wapi. Usiku wa nne nilimsikia tena kupitia pazia: papara ameitoa wapi? Asubuhi nikamwambia avae viatu, kuna mahali nataka nimpeleke.

Ningeweza kumwambia palepale chumbani. Kwa nini sikumwambia? Nimejiuliza sana, na jibu si zuri. Nilitaka asikie mwenyewe, na nilitaka akosee. Nilitaka yeye, mama aliyemzaa, asikie miluzi ile na aite jina la mwanawe. Hapo ningemwambia, unaona, mama? Hata wewe. Na ningepona.

Tukafika. Mlinzi akatupa kiti, mama akakataa kukaa. Akaniuliza tunangoja nini, nikamwambia angoje tu. Tetere waliongea, kunguru wakapita. Nilikuwa naomba yule ndege alie na nilikuwa naomba awe amekufa.

Akapiga. Mitatu, na mkia.

Nikamtazama mama usoni. Alishtuka, vidole vyake vikanibana mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, na mdomo ukafunguka. Sema, nikamwomba kimoyomoyo. Sema mwanangu. Ndege akarudia. Mama akainamisha kichwa upande, kama wasichana wa mitamboni walivyokuwa wakikaa na vipokezi masikioni, akasikiliza mara ya tatu mpaka mwisho. Kisha vidole vikalegea.

"Nani huyo anamwiga mwanangu?" akauliza.

Nikamwambia ni ndege. Nikamwambia jina lake na kazi yake ya kuiga, na kwamba alitusikia siku tatu.

"Mwanzo ameushika vizuri," akasema. "Mwisho si wake. Mwanangu alikuwa anakata. Nilimfundisha akate, usiburuze, ukiburuza msimamizi anasikia." Akanigeukia. "Na siku ile, mluzi ulikuwa na mwisho huo?"

Hapo palikuwa na mlango. Ningesema sikumbuki, mama, msumeno ulikuwa unanguruma. Angenikubalia, alikuwa ananipenda.

"Ulikuwa nao," nikasema.

"Uliusikia."

"Niliusikia, mama."

"Ukaachia."

Basi nikamweleza yote. Nguo mbichi, kununa kwangu, salamu niliyomnyima. Nikamweleza kwamba niliusikia ule mkia waziwazi na nikadhani ananibembeleza, na nikafurahi. Sikujua kwamba nitasema hilo la mwisho, lilitoka tu. "Nilifurahi, mama. Niliachia nikitabasamu."

Yule mlinzi aliingia kibandani kwake akafunga mlango.

"Kwa hiyo yeye hakupiga," mama akasema.

"Hakupiga. Alikuwa bado anafunga mshipi. Ndoana alikutwa nayo mkononi."

"Hakuwa na papara."

"Hakuwa nayo, mama."

Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena nirudie, na mara hii ndipo alipolia, kilio alichokuwa amekiweka mwezi mzima, amesimama wima katikati ya uwanja wa watu. Aliita jina la mwanawe, lile la utotoni ambalo hata mimi sikuwa nalijua. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya kanga, akaniambia asante. Aliniambia asante kwa moyo wake wote, na mimi ningependelea anizabe kofi.

Njiani akauliza kama nitawaambia waliokuwa msibani. Nikasema nitawaambia wote, na nimewaambia. Nyapara nilimpelekea habari siku hiyohiyo. Akasema karatasi zimeshakwenda, nikamwambia ziandikwe upya, nitaweka sahihi upya. Jirani mmoja akasema ni ajali, mtu gani angejua? Nikamjibu mimi. Mimi ningejua. Ndiyo kazi niliyokuwa nalipwa.

Kesho yake saa sita wifi yangu akaja, dada yake Ngedere anayekaa ng'ambo ya mji. Sikumwita mimi. Mama alikuwa amempigia kwa simu ya jirani. Nikakuta begi la mama limefungwa, vitu vyake vichache vimekunjwa kwa mpangilio wake uleule wa kugusagusa pembe. Wifi hakunitazama vibaya, alitazama sakafu. Nikapiga magoti mbele ya mama. Nikamwomba abaki. Nikamwambia anipige, anitukane, asinisemeshe mwaka mzima akitaka, nitavumilia, lakini asiondoke, sina mwingine.

Akanipapasa uso. Akapita kwenye paji, kwenye macho, akashuka mpaka mdomoni, vidole vikasimama hapo.

"Sina kinyongo na wewe," akasema. "Yeyote angekuwa mshika kamba angeachia, najua hilo, na nimekusamehe toka palepale uwanjani. Lakini mimi sioni, mwanangu. Uso wako nimeshausahau miaka mingi. Sasa umenipa mmoja, na kila ukifungua mdomo nauona huohuo. Unatabasamu."

Nikafunga mdomo. Wifi alikuwa ameshabeba begi.